Kufuli la Wimbo: Ufunguo Anao Nani?

Katika historia ya muziki kuna kipindi kifupi ambacho hatukizungumzi sana. Ni kile cha miaka ya 2000, ambapo mtu alilipa fedha zake halali, akapakua wimbo kwenye kompyuta yake, kisha siku moja kompyuta hiyohiyo ikamwambia kwamba hana ruhusa ya kuusikiliza. Sisi tunaoishi Norsborg, kituo cha mwisho cha njia nyekundu ya treni ya chini ya ardhi ya Stockholm, tulikishuhudia kipindi hicho sebuleni mwetu. Tunaona ni vyema kukieleza, kwa sababu kufuli lile halikutoweka. Limebadilisha sura tu.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi santuri kwa ajili ya kampuni ya HMV. Santuri ile ilikuwa kitu cha kushika mkononi. Aliyeinunua aliweza kuipiga kwenye gramafoni yoyote, kumwazima jirani, kuiuza, au kuwaachia watoto wake. Kampuni haikuwa na njia ya kujua inapigwa kwa nani wala mara ngapi.

Kampuni ya Philips ilipoleta kaseti mwaka 1963, likaongezeka jambo jipya: msikilizaji mwenyewe akaweza kunakili. Wengi wetu tunakumbuka maduka ya kaseti ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Unapeleka orodha ya nyimbo na kaseti tupu ya dakika 60 au 90, ukirudi kesho unaikuta imejaa. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, za NUTA Jazz, za Culture Musical Club na za Ikhwani Safaa zilisafiri namna hiyo hadi Muscat, Dubai, London na huku Sweden, zikiwa ndani ya masanduku, katikati ya kanga na pakiti za ubuyu. Hakuna aliyetuuliza leseni.

Msitudhanie kwamba tunasifu wizi. Kila nakala iliyopita mkono kwa mkono ilimpita msanii bila kumwachia hata senti. Wanamuziki waliorekodi studio za Radio Tanzania walisikika nchi nzima na ng'ambo, lakini wengi wao walizeeka bila mapato ya nyimbo zao. Sheria mpya za hakimiliki zilikuja kwa kuchelewa: Tanzania Bara mwaka 1999, Kenya mwaka 2001, Zanzibar mwaka 2003. Kwa hiyo kaseti ilitufanyia mambo mawili kwa pamoja. Iliuhifadhi muziki wetu kwa kuutawanya, na ilituachia deni kwa waliouimba. Mambo haya mawili tuyashike, maana ndiyo mizani ya habari yote inayofuata.

Kompyuta ziliingia nyumba nyingi za Norsborg kwa njia ambayo vijana wa leo hawaijui. Kuanzia mwaka 1998 serikali ya Sweden iliruhusu waajiri kuwapatia wafanyakazi kompyuta za nyumbani kwa nafuu ya kodi, na gharama ikakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara. Nafuu hiyo iliondolewa kuanzia mwaka 2007. Katika miaka hiyo tisa, madereva wa mabasi, wauguzi na wafanya usafi walipata mashine ambazo wasingeweza kuzinunua kwa mkupuo.

Wakati huohuo muziki ulikuwa umepungua uzito. Tupige hesabu kidogo. Wimbo wa dakika 4 kwenye CD huchukua takribani megabaiti 42. Mbinu ya MP3, iliyokamilishwa na wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani, huondoa sauti ambazo sikio haliziwahi, na wimbo uleule ukabaki na megabaiti 4 hivi. Kwa modemu ya simu ya kilobiti 56, hizo ni dakika 9 au 10 za kusubiri, kama mtu hakuinua simu katikati. Napster ilipoanza mwaka 1999, dunia nzima ikawa duka moja la kaseti lisilo na mwenye duka. Hapa Sweden The Pirate Bay ilianza mwaka 2003, na mwaka 2006 polisi walivamia na kuchukua mashine zake.

Kampuni za muziki zilijibu kwa kufuli, na kufuli la kwanza liliwekwa kwenye CD zenyewe. Mwaka 2002 wateja wa Ulaya waligundua kwamba baadhi ya CD zilizokingwa hivyo hazipigi kwenye kompyuta, na wajanja wakagundua kwamba kalamu ya wino mzito, ikipitishwa ukingoni mwa CD, inatosha kulishinda kufuli. Philips, ambao ni miongoni mwa wabunifu wa CD, walisema wazi kwamba vitu vile havistahili kubeba nembo ya CD. Mwaka 2005 mambo yalizidi. Mtaalamu Mark Russinovich alieleza hadharani kwamba CD za Sony BMG zilikuwa zinapenyeza kwenye kompyuta ya mnunuzi programu iliyojificha, na ikabidi kampuni izirudishe CD hizo kutoka madukani.

Kufuli la pili lilikuwa la maduka ya mtandaoni. Duka la iTunes lilifunguliwa Sweden mwezi Mei 2005. Wimbo uliopakuliwa ulikuwa umefumbwa kwa hesabu kiasi kwamba bila ufunguo ni kelele tupu. Ufunguo uliwekwa kwenye kompyuta ya mnunuzi, lakini aliyeugawa na kuuandika daftarini ni duka, na idadi ya kompyuta zilizoruhusiwa ilikuwa tano. Maduka mengine mengi yalitumia mfumo wa Microsoft, ambamo kila wimbo wa WMA ulikuwa na leseni yake, faili ndogo iliyofungamanishwa na mashine moja.

Hapo ndipo majirani walipoanza kubisha hodi. Kwa kuwa kazi yetu ni uhandisi, ilidhaniwa kwamba tunaelewa kila kitu chenye waya. Matatizo yalikuwa mengi, lakini ukiyachambua, chanzo chake kilikuwa kati ya vinne.

La kwanza ni leseni iliyopotea. Kompyuta imeingia virusi, kijana wa nyumba akaifuta yote na kuanza upya. Nyimbo alizihifadhi pembeni kwenye CD na zimerudi salama, lakini leseni hakuihifadhi kwa sababu hakujua kama ipo. Dawa ilikuwa kuliandikia duka na kuomba leseni nyingine, na duka lilikuwa na hiari ya kukataa.

La pili ni mashine iliyobadilika. Mtu amebadilisha ubao mkuu au diski, na kwa macho ya leseni hiyo si kompyuta ileile tena, hata kama mwenyewe ni yuleyule na amekaa kiti kilekile.

La tatu ndilo lililotuchekesha. Leseni nyingine zilikuwa na mwisho wake, kwa hiyo programu ililinda saa. Kibetri cha duara kinachoendesha saa ya kompyuta kikiisha nguvu, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa, na programu huamua kwamba mwenye nyumba ni tapeli anayetaka kurefusha muda. Betri mpya na tarehe sahihi vikamaliza ugomvi.

La nne halikuwa na dawa. Kifaa cha kusikilizia kilichonunuliwa kwa kampuni moja hakikuweza kufungua kufuli la kampuni nyingine. Wimbo mzima, kifaa kizima, fedha zimelipwa pande zote mbili, na kimya.

Njia iliyosaidia mara nyingi, pale duka liliporuhusu, ilikuwa kuzichoma nyimbo kwenye CD ya kawaida ya muziki, kisha kuzirudisha kwenye kompyuta kama MP3. Sauti ilipungua ubora kidogo, lakini kufuli lilibaki nje. Sheria ya Sweden haikuwa na kinyongo na hilo. Marekebisho yaliyoanza tarehe 1 Julai 2005 yalikataza kuvunja kinga za kiufundi, lakini yakaacha mlango: aliyepata nakala kwa njia halali anaweza kuikwepa kinga ili aweze kusikiliza au kutazama. Ajabu ni kwamba sheria hiyohiyo ilikataza kutengeneza na kuuza zana za kukwepea. Ni kama kuruhusiwa kufungua mlango wako huku mafundi wote wa kufuli wamefungiwa biashara.

Walioumia zaidi hawakuwa hapa Norsborg. Kompyuta iliyotumika miaka mitatu au minne hapa ilipelekwa nyumbani, Unguja, Tanga au Mombasa, ikiwa imejaa nyimbo kama zawadi. Safari ya bahari iliivumilia vizuri. Lakini ikitokea imefutwa na kuwekwa programu upya, leseni haipatikani tena: mtandao ulikuwa wa kwenda kuulipia kwa saa, na duka liliidai akaunti ya mnunuzi aliyeko Ulaya. Hata mtu akitaka kununua upya, maduka yale hayakuiuzia Afrika Mashariki. Yalitaka kadi ya benki ya nchi ambamo duka limefunguliwa. Kaseti iliyonakiliwa mara tano na yenye mikwaruzo iliendelea kuimba chumba kilekile ambamo wimbo wa kulipiwa ulikuwa bubu.

Kisha ukaja mwaka 2008, ambao kwa maoni yetu ndio wa kukumbukwa zaidi. Mwezi Aprili Microsoft iliwatangazia wateja wa duka lake la MSN Music, ambalo lilikwisha kuacha kuuza, kwamba baada ya tarehe 31 Agosti haitatoa tena leseni kwa kompyuta mpya. Malalamiko yalikuwa makubwa, ikabidi isogeze tarehe hadi mwisho wa 2011. Mwezi Julai Yahoo nayo ikatangaza kwamba seva zake za leseni zitazimwa tarehe 30 Septemba, na baadaye ikaahidi kuwafidia wateja. Hakuna mwizi aliyeingia popote. Mwenye ufunguo alifunga ofisi tu. Ndipo watu wengi walipoelewa kwamba walichokiita kununua kilikuwa kukodi bila tarehe ya mwisho kuandikwa.

Ni haki kusema kwamba nchi hizi za kaskazini hazikukaa kimya. Januari 2006 Baraza la Walaji la Norway lililalamikia masharti ya iTunes, na wasimamizi wa haki za walaji wa Sweden na Denmark wakaungana na wenzao wa Norway kuibana Apple. Februari 2007 Steve Jobs alichapisha waraka akisema kwamba makufuli yanadaiwa na kampuni za muziki, na kwamba yeye yuko tayari kuyaondoa. Aprili mwaka huo EMI ilikubali, na Januari 2009 Apple ikatangaza kwamba nyimbo zake zote zitauzwa bila kufuli. Mwenye nyimbo za zamani alitakiwa aongeze senti 30 za dola kwa kila wimbo ili ufunguliwe. Alilipia wimbo, kisha akalipia uhuru wake.

Lakini wakati huo mji wetu ulikuwa umekwisha kuipa dunia kitu kingine. Spotify, iliyoanzishwa Stockholm mwaka 2006 na Daniel Ek na Martin Lorentzon, ilifungua milango Oktoba 2008. Malalamiko ya ufunguo yakaisha, kwa sababu hakuna tena anayedai kuwa ameuza kitu. Nyimbo unazozihifadhi kwenye simu zimefungwa vilevile kwa kufuli, na usipoungana na mtandao walau mara moja katika siku 30 zinanyamaza. Ukiacha kulipa, zinanyamaza. Mwenye haki na kampuni wakikosana, wimbo unatoweka usiku na asubuhi huna pa kuuliza. Februari 2021 huduma hiyo ilifika Kenya, Tanzania na Uganda, na tulifurahi kwamba ndugu zetu hawabaguliwi tena na kadi ya benki.

Sasa turudi kwenye ile mizani ya mwanzo, kuhifadhi na kulipa. Kuanzia mwaka 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12 haumpatii mwenyewe malipo ya Spotify. Mtu anayeimba kwa Kiingereza anaweza asilione hilo. Lakini fikirini kibao cha taarab cha miaka ya 1960 ambacho wapenzi wake ni wazee mia mbili walioko Unguja, Muscat na hapa Botkyrka. Kufuli lipo, na malipo hayapo. Kaseti angalau ilikuwa na moja kati ya mawili.

Njia nyingine zipo. Tangu mwaka 1999 sheria ya Sweden inatoza malipo kidogo kwenye vifaa vya kurekodia, na shirika la Copyswede huyakusanya kwa niaba ya wasanii. Kwa mpango huo mtu ananakili kwa matumizi yake nyumbani, na msanii anapata chake, bila kufuli wala ufunguo. Si mpango mkamilifu, lakini unaonyesha kwamba haki ya msanii na haki ya msikilizaji zinaweza kukaa nyumba moja.

Kwa hiyo tunawashauri wenzetu. Mwenye faili za zamani azikague: zinazoishia na m4p zina kufuli la iTunes, na baadhi ya zile za wma zina kufuli pia. Kama kompyuta ya zamani bado inazipiga, achome CD leo, asingoje diski ife. Mwenye kaseti kutoka nyumbani azirekodi, aandike jina la mwimbaji, bendi na mwaka, ahifadhi nakala mbili nyumba mbili tofauti. Na msanii wetu anapouza CD au faili lisilo na kufuli, anunue moja kwa moja kwake, kwa bei aliyoitaja, bila kuomba ya bure kwa kuwa ni ndugu.

Siti binti Saad alifariki mwaka 1950, na sauti yake bado tunaisikia, kwa sababu santuri zilikaa mikononi mwa watu ambao hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kuzipiga. Tuhakikishe wajukuu wetu wanazikuta nyimbo za zama zetu katika hali hiyohiyo, na waimbaji wake wakiwa wamelipwa.