UZI: "Dawa ya asili" au "kemikali"? Historia inasema tunauliza swali lisilo

1/ Kila msimu wa siasa hoja hii lazima irudi. Mmoja anasema kemikali zote za shambani zipigwe marufuku, turudi kwa mimea kama mababu. Mwingine anajibu kwamba bila dawa za viwandani tutalala njaa. Sitaji mtu wala chama. Hebu tuangalie kitu kimoja tu: historia ya kutumia mimea kuzuia magugu. Twende polepole.

2/ Kwa nini najali? Dani yangu (ndivyo Wajaluo tunavyomwita nyanya) analima mahindi Siaya. Adui yake ni kayongo, gugu ambalo kwa Kiswahili ni kiduha na wanasayansi huliita Striga. Lina maua ya zambarau, ukiliona bila kulijua utalisifu. Lakini linashika mzizi wa mahindi chini ya ardhi na kunyonya. Kuna mwaka dani alinunua dawa ya magugu kwa agroveti, akanyunyiza, kayongo ikakauka. Mahindi hayakupona. Akaniambia, "Nyakwara, ukiona kayongo imechomoza, ujue imeshakula."

3/ Alikuwa sahihi kabisa. Hasara kubwa hutokea kabla gugu halijaonekana. Mmea mmoja wa kayongo hutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, nazo hukaa udongoni miaka mingi zikisubiri harufu ya mzizi wa mahindi au mtama. Kwa hivyo kung'oa na kunyunyiza ni kufika matanga yakiwa yameisha.

4/ Sasa historia. Kwamba mmea unaweza kuuzuia mwingine si habari mpya. Plinius wa Roma, karne ya kwanza, aliandika kwamba kivuli cha mti wa jozi ni sumu kwa mimea mingine. Mwaka 1937 mwanasayansi wa Austria, Hans Molisch, aliipa tabia hiyo jina: alelopathi. Maana yake mmea unatoa kemikali inayomgusa jirani yake. Ndiyo, kemikali. Shikilia neno hilo.

5/ Mwaka 1977, California. Mtafiti wa kampuni moja ya kemikali aliona magugu ni machache chini ya ule mti wa maua mekundu kama brashi ya kuoshea chupa. Unaujua, hapa Kenya umejaa kwa mashule na kando ya barabara. Jina lake la kisayansi ni Callistemon. Maabara ikatoa kiini chake, leptospermone. Kilikuwa kinaua magugu kwa kuyageuza meupe, ila kwa nguvu ndogo: ungehitaji kingi mno.

6/ Wakaanza kukiundaunda upya, wakisajili hataza njiani. Baada ya miaka zaidi ya ishirini ikazaliwa mesotrione, dawa ya magugu ya mahindi iliyoingia sokoni 2001 kwa jina Callisto. Sasa niambie: hiyo ni asili ama kemikali? Ilianzia kwa mti, ikaishia kwa kiwanda. Na kwa wanaoamini kila cha asili ni salama: nikotini inatoka kwa tumbaku, na ni sumu kali.

7/ Njia ya pili, Faisalabad, Pakistan. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti wa chuo kikuu cha kilimo walilowesha mabua ya mtama kwa maji, wakachuja na kunyunyizia ngano maji yale. Magugu yalipungua, hayakuisha. Ni bei nafuu, lakini mkulima lazima akatekate, aloweshe, achuje na abebe maji. Nani hubeba maji kwa boma zetu? Mnajua jibu.

8/ Njia ya tatu ni ya kwetu. Profesa Thomas Odhiambo alianzisha ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, mwaka 1970. Miaka ya 1990 watafiti wake wa Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wakishirikiana na Rothamsted ya Uingereza, walikuwa wakitafuta jinsi ya kufukuza viwavi wanaotoboa mabua. Walipanda desmodiamu katikati ya mahindi ili harufu yake iwafukuze wadudu, na nepia pembeni iwavute nje.

9/ Walikuwa wanawinda mdudu, wakagundua kayongo pia inapotea. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali za aina mbili: moja inaamsha mbegu za kayongo, nyingine inazizuia kushika mzizi wa mahindi. Mbegu inaamka, inakosa chakula, inakufa. Hapa hukamui wala huchuji, mzizi wenyewe unaachilia dawa ardhini. Isitoshe, ng'ombe anakula desmodiamu na udongo unapata naitrojeni.

10/ Mbona basi haijaenea kila mahali? Mbegu ya desmodiamu si rahisi kupata, na msimu wa kwanza palizi ni ngumu. Halafu ni zao la kudumu, linakaa miaka. Anayekodi shamba msimu mmoja atapandaje kitu ambacho mwenye shamba ndiye atakifaidi? Na mama ambaye hana sauti juu ya ardhi anayolima je? Hapo kayongo inakuwa suala la umiliki wa ardhi.

11/ Pia fikiria soko. Chupa ya dawa ina kampuni, tangazo na faida ya agroveti. Mzizi ulio ardhini hauna wa kuutangaza. Kazi hiyo ni ya afisa wa kilimo wa nyanjani, na Katiba ya 2010 iliweka kilimo mikononi mwa kaunti. Kama kaunti yako haina maafisa wa kutosha, ujuzi uliogunduliwa Mbita unaweza kukosa kufika Siaya, kijiji kwa kijiji, wakati Callisto ilisafiri dunia nzima.

12/ Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani na "asili dhidi ya kemikali", muulize matatu. Ujuzi huu ni wa nani? Nani atalipa ili umfikie mkulima? Na mkulima huyo ana hakika ya shamba mwaka ujao? Akijibu hayo, tumsikilize. Asipojibu, dani yangu bado ana kayongo.

Mwisho wa uzi. Kwenu kayongo inaitwaje, na afisa wa kilimo mara ya mwisho alionekana lini?