Mafua ya Mzee Si Uzee

Ndugu msikilizaji, mzee anapokohoa wiki nzima pale Kizota, au kwingineko hapa Dodoma, mara nyingi nyumbani humchemshia tangawizi na kumfunika blanketi. Akifariki, jirani akauliza marehemu alikuwa anaumwa nini, hujibiwa: "Alipata mafua kidogo, lakini hasa ni uzee." Leo nataka tulitazame jibu hilo kwa jicho la historia, maana Ugogo unayajua mafua tangu zamani.

Turudi nyuma hadi mwaka 1918. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita juu ya nchi hii kama nzige. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao Waingereza walioingia Dodoma Julai 1916, yalichukua ng'ombe na nafaka za wananchi, yakawachukua na wanaume kwenda kubeba mizigo ya vita. Mvua nazo zikakataa. Ikaja ile njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Watawala wa Kiingereza wenyewe walikadiria kwamba watu 30,000 kati ya 150,000 wa wilaya ya Dodoma walipoteza maisha.

Ndani ya njaa hiyo, mwishoni mwa 1918, yakaingia mafua makali yaliyokuwa yakiizunguka dunia. Yalisafiri kwa meli, kwa reli na kwa miguu ya wapagazi waliokuwa wakirejea makwao. Hata jeshi la Jenerali von Lettow-Vorbeck, lililoweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambako leo ni Mbala nchini Zambia, lilipigwa na ugonjwa huo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu hakuponya mtu.

Lakini kuna jambo lililowashangaza waganga. Mafua ya kila mwaka huua zaidi wazee na watoto wachanga. Yale ya 1918 yaliua vijana wengi wenye nguvu zao, wa miaka 20 hadi 40, na katika nchi nyingi wazee walinusurika kuliko ilivyotazamiwa. Wataalamu wengi wanaona kwamba wazee hao waliwahi kuugua mafua ya jamii hiyo utotoni, na damu yao ikakumbuka.

Je, damu hukumbuka? Mwaka 2008 wanasayansi wa Marekani walitangaza matokeo ya kupima damu ya watu 32 waliozaliwa mwaka 1915 au kabla. Miaka 90 ilikuwa imepita, lakini kingamwili zao, yaani askari wa damu, bado zilimtambua adui yule wa 1918.

Basi kama damu hukumbuka, chanjo ya nini? Ndugu msikilizaji, virusi vya mafua ni kama mwizi anayebadili shati kila msimu. Askari wa mzee wanalijua shati la zamani, si la mwaka huu. Isitoshe, mtu akishavuka miaka 65, mwili wake huwa mzito kufundisha askari wapya. Hapo mafua hushuka kifuani yakawa kichomi, au yakauamsha ugonjwa wa moyo uliokuwa umelala.

Virusi hivyo viligunduliwa kwa binadamu mwaka 1933 huko London, na chanjo ikaanza kutumika miaka ya 1940. Kwa kuwa shati hubadilika, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hukutana mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, kupendekeza chanjo ya msimu unaofuata. Ndiyo maana sindano ya mwaka jana haitoshi mwaka huu. Tuseme kweli: kwa mzee chanjo hii haifanyi kazi vizuri kama kwa kijana, na iko miaka ambayo hailingani sawasawa na virusi vilivyopo. Hata hivyo hupunguza kulazwa na kufa.

Sisi tumezoea kwamba chanjo ni ya mtoto aliye mgongoni mwa mama yake. Mwaka 2021, chanjo ya UVIKO-19 ilipoanza nchini, waliotimiza miaka 50 walikuwa miongoni mwa waliotangulizwa. Kumbe mkono wa mzee nao unastahili sindano.

Leo Kizota ina maghala ya taifa ya hifadhi ya chakula. Somo la njaa tulilielewa: weka akiba kabla ya ukame. Somo la mafua bado. Tumuulize daktari kuhusu chanjo hiyo kwa ajili ya wazee wetu. Mwenye kikohozi asimkaribie bibi, madirisha yafunguliwe, na mzee anayehema kwa shida awahishwe hospitali. Tusimzike mtu kwa neno moja, uzee, wakati ugonjwa wake una jina.