Dhamana ya Mwenye Kutubu: Neno kwa Makanisa ya Pemba

Kanisa la Pemba lilianza na watu wasiokuwa na wa kuwasemea. Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Muhammed alipotoa amri ya kuifuta hali ya utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba, amri ambayo hata hivyo iliwaacha masuria nje hadi mwaka 1909, wale waliotoka katika mashamba ya karafuu na hati zao za uhuru mikononi hawakuwa na nasaba ya kuitaja wala mjomba wa kuwadhamini. Na katika kisiwa ambacho mtu huulizwa kwanza ni wa nani, kukosa jamaa kulikuwa sawa na kukosa hadhi. Wala si wote waliokuwa wema, kwani aliyeibiwa jasho lake umri mzima aghalabu hujifunza kuiba, na yule ambaye ndoa yake ilikuwa mkononi mwa bwana wake huzoea kuishi pasipo ndoa. Hao ndio waliopokewa na Marafiki (Quakers) wa Uingereza, akiwemo Theodore Burtt, katika shamba la Banani upande wa Chake Chake, wakapewa kazi ya ujira. Na hao ndio waliopokewa na Waanglikana wa misheni ya UMCA upande wa Wete. Sisemi haya kuwatukuza wamisionari, ambao mara nyingi waliwaona mahuru kama watoto wasiokua. Nasema ili ijulikane kwamba ushirika ulioanza hivyo hauna haki ya kujigeuza baraza la wasio na doa.

Basi siku hizi, mwizi aliyemaliza kifungo, au mlevi aliyeacha tembo, au mwanamke aliyeuacha ukahaba, akija kanisani na kutubu, huambiwa kwamba amesamehewa, kisha huachwa benchi la nyuma atazamwe. Na kutazamwa huko hakuna muda wala mwisho. Naliita jambo hili dhuluma, ijapokuwa linafanywa kwa jina la hadhari. Mababa wa Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, waliwawekea walioikana imani bila kulazimishwa muda wa miaka 12, na ingawa muda huo ulikuwa mzito, ulijulikana tangu siku ya kwanza, na mgonjwa wa kufa hakunyimwa sakramenti. Kabla yao, huko Karthago, Sipriani aliwarudisha walioanguka katika dhiki ya mfalme Decius, ilhali Novatiani wa Roma aliwafungia mlango kabisa, na Kanisa likamkataa. Ukali wenye mwisho ni malezi; upole wenye mashaka yasiyo na mwisho ni kifungo kingine.

Lakini muda pekee hautoshi, maana anayetubu huhitaji mtu. Sauli alipofika Yerusalemu, wanafunzi walimwogopa, wala hawakusadiki toba yake, mpaka Barnaba alipomchukua na kumsemea mbele ya mitume. Na kwa Onesimo, mtumwa aliyemtoroka bwana wake, Sauli huyohuyo, sasa akiitwa Paulo, hakutosheka na kumwombea radhi kwa bwana huyo, Filemoni, bali alijitia mwenyewe katika deni, akaahidi kulilipa. Katika ubatizo tunawawekea wasimamizi watoto wachanga, ambao hawajamdhulumu mtu. Yawaje basi mtu mzima mwenye madeni na aibu aachwe ajisimamie peke yake?

Wako watakaouliza juu ya waliodhulumiwa, nao wana haki. Zakayo alirudisha mara nne, na toba isiyorudisha kinachoweza kurudishwa haijatimia. Kadhalika, kupokewa mezani mwa Bwana si kukabidhiwa ufunguo wa sanduku la sadaka, na aliyewadhuru watoto asipewe kamwe kuwafundisha, hata akitubu kwa machozi, wala kanisa lisimfiche na sheria. Msamaha na amana ni vitu viwili.

Kwa hiyo nayasihi mabaraza ya parokia za Chake Chake na Wete: kila anayetubu apewe msimamizi anayejulikana kwa jina, mwenye kumtembelea, kumwombea kazi na kusimama naye anapolipa alichodaiwa, itajwe hadharani siku ambayo muda wake utakwisha, na siku hiyo ikifika, yeyote atakayemkumbusha yaliyopita aonywe yeye.