Tai ni Ndege Gani?

Juu ya makutano ya Sonatubes, hapa Kicukiro, ndege wa rangi ya kahawia mwenye mkia uliogawanyika kidogo nchani huonekana mara kwa mara akizunguka. Niliwauliza watu watatu waliokuwa wakisubiri basi jina lake. Wa kwanza alisema sakabaka, wa pili agaca, na mama mmoja aliyezoea Kiswahili cha Nyamirambo akanijibu, "Huyo ni tai, mwanangu." Kwa Kiswahili sanifu ni mwewe. Hata hivyo, jibu la mama huyo ndilo lililonipa swali la insha hii: tai wa maandishi ya zamani ni ndege gani hasa?

Siku hizi tunamchukulia tai kuwa mfalme wa ndege, anayechorwa kwenye nembo na kupewa timu za mpira. Yule mwenye shingo tupu anayekula mizoga tunamwita tumbusi. Maandishi hayana mpaka ulio wazi hivyo. Ukifungua kamusi za Kiswahili na Kiingereza utakuta neno tai likifasiriwa kwa ndege wote wawili. Ni rahisi kuwalaumu wamisionari waliokusanya maneno, kama Krapf, ambaye kamusi yake ilitoka London mwaka 1882, baada ya kifo chake. Mimi naona lawama hiyo haitoshi. Baadhi ya tai wa kweli nao hushuka kwenye mzoga na kugombania nyama na tumbusi. Mtu anayewatazama kwa mbali, wote wakubwa, wote wakizunguka juu, ana sababu nzuri ya kuwapa jina moja.

Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 ni ushahidi mzuri. Katika Walawi 11, orodha ya ndege wasioliwa inaanza na tai, furukombe na kipungu, kisha mwewe na kozi. Tai hapo anasimama mahali pa neno la Kiebrania nesher, ambalo wataalamu wamelibishania kwa muda mrefu. Mika 1:16 inataja upara wa nesher, na tai hana upara; tumbusi anao. Kwenye Mathayo 24:28 pia, tai ndio wanaokusanyika penye mzoga. Kwa hiyo Kiswahili chenye tai wa maana mbili kilibeba utata wa Kiebrania vizuri kuliko lugha ambayo ingelazimika kuchagua.

Kwa furukombe mambo ni magumu zaidi. Neno la Kiebrania ni peres, lenye asili ya kuvunja, na wengi hudhani ni ndege anayeangusha mifupa kwenye miamba ili ipasuke. Furukombe wa pwani ni mvua samaki. Mfasiri alihitaji jina la ndege mkubwa, akachukua lililokuwepo. Mwanahistoria akilitumia andiko hilo kuthibitisha kwamba furukombe aliishi Sinai, atakuwa amepotea kabisa.

Tusidhani kwamba majina ya Kilatini yamemaliza ubishi. Huyo mwewe wa Sonatubes ana mdomo wa njano akikomaa. Boddaert alimpa mwewe mweusi jina migrans mwaka 1783, na Gmelin akaongeza aegyptius mwaka 1788. Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakibishana kama mwewe wa Afrika mwenye mdomo wa njano ni spishi yake mwenyewe au ni aina tu ya yule mweusi. Walikuwa na ngozi zilizohifadhiwa makumbusho na bado wakashindwa kukubaliana. Sioni kwa nini tumcheke mama wa kituo cha basi.

Suala hili lina uzito nje ya darasa pia. Mwaka 2015, Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Asili uliziweka spishi nne za tumbusi wa Afrika katika kundi la walio hatarini zaidi kutoweka. Sababu mojawapo kubwa ni sumu inayotegwa kwenye mizoga kwa ajili ya simba na fisi. Kinyarwanda kina inkongoro kwa tumbusi na kagoma kwa tai, kwa hiyo onyo la Kinyarwanda linaeleweka. Bango la Kiswahili likiandika "linda tai" bila kuongeza neno, mfugaji anaweza kumfikiria yule anayenyakua watoto wa mbuzi wake, na akaona ni afadhali afe.