Selimundu na malaria: Mfano wa uteuzi asilia

UTEUZI asilia ni mojawapo ya njia kuu za mageuko ya viumbe zinazofunzwa katika bayolojia ya shule za upili. Mnamo 1954, Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi kwamba anayerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja huwa na kinga kiasi dhidi ya malaria. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu, maradhi yanayoweza kuua. Ndiposa jeni hiyo imeenea Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ilhali ni adimu katika nyanda za juu zenye baridi, ambako malaria ni haba. Mwanafunzi azingatie hili: jeni za mtu mmoja hazibadilishwi na malaria, kinachobadilika ni kiwango cha jeni hiyo katika jamii, kizazi baada ya kizazi.