Mugeta hatuioni Jaa

Niko likizo nyumbani, Mugeta. Juzi mdogo wangu alikuwa anacheza gemu la meli kwenye simu: usiku unatafuta nyota ya Jaa, unaifuata, unafika kaskazini. Tukatoka uani kuitafuta. Wapi! Kumbe huku Bunda tuko kama nyuzi 2 kusini ya ikweta, Jaa iko chini ya upeo.

Sasa Malindi, nyuzi 3 kusini, walifanyaje? Vasco da Gama alipewa rubani pale Aprili 1498, na Mei wakafika Calicut. Mabaharia wa Kiarabu walipima kimo cha nyota kwa kamal (si kamali ya kubeti jamani!), kibao chenye uzi wa mafundo unaoubana kwa meno, wakihesabu kwa "vidole". Jaa ikizama, walipima nyota nyingine, zikiwemo za Dubu Mkubwa. Ibn Majid aliandika hadi njia ya kwenda Sofala.

Ila wanahistoria wengi leo hawakubali kwamba ndiye aliyempeleka Gama. Wareno walimwita rubani yule Malemo, yaani muallim, na inaelekea alikuwa Mgujarati. Mwalimu kama mimi! Na mimi kwenye mazoezi ya kufundisha niliwaambia Kidato cha Pili ni Ibn Majid. Wakaandika, nikawapigia vema kwa wino mwekundu.