Umeme Katika Gesi: Historia na Istilahi

Mfasiri akutanapo na istilahi ngeni, aghalabu hutazama neno kabla ya kulitazama jambo lenyewe. Kiingereza hueleza upitaji wa umeme katika gesi kwa neno lilelile la kupakua shehena melini. Tukilifasiri "utoaji wa umeme", mwanafunzi atadhani kuwa taa hutoa umeme, ilhali hutoa nuru. Historia ya nuru ya urujuanimno yaweza kutuongoza.

Mwaka 1801, huko Jena, Johann Wilhelm Ritter aliona kwamba kloridi ya fedha iliyowekwa nje ya ukingo wa rangi ya urujuani husawijika upesi, ingawa hapo jicho halioni nuru yoyote. Katika miaka ya 1890, Victor Schumann wa Leipzig alitambua kuwa mawimbi mafupi zaidi humezwa na hewa. Akaiondoa hewa katika chombo chake. Mwaka 1906, Theodore Lyman wa Harvard alitangaza mistari ya nuru ya haidrojeni, aliyoipata kwa kupitisha umeme katika gesi hiyo mrijani. Naye Robert Millikan, mwaka 1920, alirusha cheche kali kati ya ncha za metali ndani ya ombwe, akafikia kiasi cha nanomita 20. Hata hapo gesi haikukosekana: ilikuwa mvuke wa ncha zenyewe.

Katika mifano hii umeme ni kichocheo tu. Elektroni ziendazo kasi huzigonga atomi na kuzing'oa elektroni zao. Kadiri atomi inavyopokonywa nyingi, ndivyo nuru yake iwezavyo kuwa ya mawimbi mafupi zaidi.

Elimu hii si ya makumbusho. Mwaka 2006, mitambo ya majaribio ya kuchorea saketi ndogo mno ilitumia nuru ya nanomita 13.5, iliyotokana na umeme uliopita katika mvuke wa bati. Yaani metali yenyewe, si mabati ya kuezekea. Baadaye viwanda vilichagua leza ipigayo matone ya bati.

Kwa hiyo twapendekeza "mpito wa umeme katika gesi" liwe jina la jumla, na "cheche" libaki kwa mpito mkali wa kitambo kidogo. Ama nuru ya baina ya nanomita 10 na 121, tuiite "urujuanimno wa mawimbi mafupi". Kuongeza "wa kupindukia" ni kurudia kazi ambayo "mno" imekwisha kuifanya.